Vitoa machozi na pilipili ya polisi: jinsi ya kujitunza kutoka barabarani hadi nyumbani

Kinachofuka kwenye mkebe wa vitoa machozi wa polisi ni unga. Kemikali iitwayo CS, iliyotengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1928, ikichomwa ndani ya mkebe hurushwa hewani kama chembe ndogo mno, na chembe hizo hatimaye hutua: machoni, kwenye jasho la shingo, kwenye nywele, kwenye koti, kwenye kiti cha matatu utakayopanda jioni. Pilipili ya kupuliza ni kitu kingine. Hiyo ni mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye pilipili kali, na hunata kama mafuta yoyote yanavyonata. Ukilishika hilo, unga kwa upande mmoja na mafuta kwa upande mwingine, mengi ya yaliyomo humu yatakuja yenyewe. Unga huachwa nyuma, hukung'utwa na kuoshwa. Mafuta hayatoki bila sabuni.

Nayaandika haya nikiwaza Nairobi na miji mingine ya Kenya, ambako tangu Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, simu zimejaa orodha za dawa za kienyeji: maziwa, limau, siki, kitunguu, Coca-Cola, dawa ya meno chini ya macho. Nyingi ya dawa hizo hazisaidii na chache zinaumiza. Wala si mwandamanaji peke yake anayezihitaji habari hizi. Mama mboga, kondakta, mwanafunzi anayevuka mji kwenda nyumbani, wote huvuta hewa ile ile.

Kabla ya kutoka

Kama una pumu, pampu yako ikae mfukoni, si kwenye begi utakalolitupa ukikimbia. Itikise na uipulize mara moja ujue bado inapuliza. Mwenye pumu kali, ugonjwa wa moyo au macho yaliyofanyiwa upasuaji karibuni, ushauri wangu ni akae mbali na mstari wa mbele. Maandamano yana kazi nyingi zisizohitaji mapafu.

Lenzi za macho ziache nyumbani, uvae miwani. Unga ukiingia chini ya lenzi hunaswa hapo hapo na kuendelea kuchoma konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kuitoa lenzi kwa vidole vyenye unga ni balaa la pili. Asubuhi hiyo usijipake Vaseline, losheni nzito wala vipodozi vya mafuta, kwa sababu mafuta hushika unga na pilipili vikaganda kwenye ngozi. Vaa mikono mirefu na suruali. Weka shati moja safi ndani ya begi linalofungika vizuri.

Maji ndiyo mzigo wa maana kuliko yote. Chukua chupa mbili za maji safi ya kunywa, moja kwa koo na moja kwa macho. Ile ya macho itoboe tundu dogo kwenye kifuniko ili ukiikamua itoe mkondo mwembamba. Barakoa ya N95 huchuja sehemu ya unga, na miwani ya kuogelea hulinda macho vizuri kuliko watu wanavyodhani. Leso yenye maji inafaa kwa dakika chache tu. Baada ya hapo imejaa unga, na wewe umeifunga mdomoni. Kuilowesha kwa siki hakuongezi kinga yoyote, ila harufu na muwasho.

Wingu likitanda

Ndani ya sekunde chache macho yatafumba yenyewe, pua itamwaga kamasi, koo litawaka na kifua kitabana. Hofu itakwambia uvute pumzi kubwa, na pumzi kubwa ndiyo inayoingiza unga hadi chini kabisa kwenye mapafu. Vuta pumzi fupi, polepole, na uanze kutembea.

Elekea upepo unakotoka. Tazama bendera, majani ya miti au moshi wenyewe unavyosogea, kisha ukate kando uingie kwenye hewa safi. Penye mwinuko ni bora kuliko bondeni, kwa kuwa wingu la CS ni zito kuliko hewa na hushuka. Shuleni tulifundishwa kutambaa nyumba ikiungua. Hapa fanya kinyume chake, usilale chini. Usishuke kwenye maegesho ya chini ya ardhi, usijibane kwenye vichochoro vya maduka yasiyo na mlango wa pili. Mkebe usiuguse. Umetoka kuwaka moto ndani yake na unaweza kukuunguza kiganja hadi malengelenge.

Nyumba, darasa, kanisa, gari: penye kuta na paa unga huo huo hugeuka kuwa jambo la kuhatarisha maisha, kwa sababu hauna pa kwenda na aliye ndani anaendelea kuuvuta. Wakenya wanaijua hatari hii vizuri. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi walivamia kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi na kurusha vitoa machozi kwa watu waliokuwa ndani. Januari 2015 zamu ikawa ya watoto wa shule ya msingi ya Langata Road, waliokuwa wakidai uwanja wao wa michezo. Kwa hiyo mkebe ukiingia mlipo, kazi ya kwanza ni kutoka, hata kama nje nako kuna wingu. Ukitua nje nanyi mko ndani, fungeni madirisha na muzibe nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa chenye maji.

Macho

Ukishafika penye hewa safi, simama ukiuelekea upepo, fumbua macho kwa nguvu na upepese haraka haraka. Machozi yenyewe ni maji ya kuoshea. Usisugue. Chembe za CS zikisuguliwa hukwaruza konea, na mkwaruzo huo ndio unaomfanya mtu aendelee kuumwa siku mbili baadaye wakati wenzake walipona jioni ile ile.

Kisha osha hivi. Anza na mikono yako, yaani ya anayeosha. Mlaze au umketishe mwenye kuumia, kichwa kikiinama upande wa jicho linaloanza kuoshwa, umwagie maji kutoka kona ya karibu na pua kwenda nje, yasipite juu ya jicho la pili. Endelea kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya kwanza huwasha zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaanza kutafuta maziwa. Mwambie mapema kwamba itauma kabla ya kupoa. Apenge kamasi, ateme mate, asukutue mdomo kwa maji na kuyatema.

Maziwa hayana usafi unaohitajiwa na jicho lililochubuka. Yakitoka kwenye pakiti iliyoshinda juani yanaweza kupeleka bakteria kwenye konea, na hayaoshi vizuri kuliko maji. Limau na siki ni asidi. Dawa ya meno ina mnanaa, nao unawasha. Kama una pesa ya ziada, nunua kwenye duka la dawa chupa ya maji ya chumvi yale ya dripu. Hayo ni masafi kabisa na hayachomi.

Maumivu makali yakizidi saa moja baada ya kuosha, au ukiona ukungu, ukishindwa kutazama mwanga, ukihisi kama kuna mchanga usiotoka, nenda ukapimwe. Daktari hudondosha rangi maalumu inayoonyesha mkwaruzo ulipo, na mkwaruzo wa konea hutibika haraka ukiwahi.

Ikiwa ni pilipili

Utaitambua kwa sababu hurushwa usoni kutoka karibu, kwa mkondo au kwa vumbi la maji, na ngozi huonekana na mafuta mekundu au ya rangi ya chungwa. Macho hufunga kabisa kwa dakika 15 hadi 30, na ngozi inaweza kuendelea kuwaka kwa saa moja au zaidi. Kapsaisini, ile ile inayowasha ulimi kwenye chakula, huamsha neva zinazoupa ubongo habari ya moto. Ndiyo maana mtu huapa kwamba anaungua wakati ngozi yake haijaungua.

Gusisha kitambaa au karatasi safi usoni ili kinyonye mafuta, bila kufuta. Kufuta kunayasambaza hadi shingoni na masikioni. Osha ngozi kwa sabuni na maji ya baridi, suuza, rudia. Sabuni isiingie machoni. Huko ni maji matupu. Nywele zioshe ukiwa umeinamisha kichwa mbele, ili yanayotoka yasikuteremkie mwilini. Usijipake krimu wala mafuta ya nazi yakakusaidie kupoza, maana yataifungia pilipili ndani.

Mwaka 2008 watafiti Marekani walichapisha jaribio la watu 49 waliojitolea kupuliziwa pilipili, kisha wakatibiwa kwa njia tano: maji, maziwa, shampuu ya watoto, dawa ya kiungulia na jeli ya ganzi. Hakuna iliyoishinda nyingine kwa kiasi cha kutajika. Kilichopunguza maumivu ni muda. Mimi hulipenda jaribio hilo kwa sababu linamwondolea mtu mzigo wa kutafuta dawa ya ajabu. Maji ya bomba yanatosha na saa itafanya mengine.

Kifua

Hapa ndipo panapoua. Kikohozi na kifua kubana kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa ya kuvuta hewa safi. Mtu akikaa kwenye wingu kwa muda mrefu, au ndani ya chumba, au akiwa na pumu, njia za hewa zinaweza kujikaza na zisifunguke.

Mketishe wima, mwinamishe mbele kidogo, mfungulie vifungo vya shingoni. Mwenye pumu apewe pampu ya bluu ya salbutamoli: puliza mara moja, subiri nusu dakika hadi dakika nzima, puliza tena, mpaka mara kumi kama hapati nafuu. Pampu ya rafiki ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Asipofunguka, hilo si jambo la kusubiri barabarani. Piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyolipiwa, au mpakie kwenye gari lolote liwezalo kupita.

Dalili za kutosubiri ni hizi: hawezi kumaliza sentensi bila kupumua katikati, kifua kinapiga filimbi, sauti imekauka ghafla, anasinzia au anachanganyikiwa, kifua kinauma. Kwenye ngozi nyeusi usitafute rangi ya buluu usoni. Tazama ndani ya midomo, ulimi na chini ya kucha, kama pamekuwa na rangi ya kijivu.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau wakishaoga na kulala. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, pengine siku nzima, hasa kwa aliyevuta unga mwingi mahali palipofungwa. Asilale peke yake usiku huo. Akianza kuhema akiwa amelala, au kutoa makohozi yenye povu, apelekwe hospitali usiku huo huo bila kungoja kupambazuke. Na ukipata mafua au kikohozi wiki inayofuata usishangae: jeshi la Marekani liliwafuatilia makuruta zaidi ya 6,700 mwaka 2012, wote vijana wenye afya waliopitishwa kwenye chumba cha CS mafunzoni, likakuta hatari yao ya kuugua magonjwa ya njia ya hewa ilipanda zaidi ya mara mbili baada ya zoezi hilo. Hao ni vijana waliochaguliwa kwa uzima wao. Bibi wa miaka sabini anayekaa juu ya duka hakuchaguliwa na mtu.

Mkebe ukikugonga

Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyokusanya majeruhi 5,131 wa kemikali hizi kutoka nchi mbalimbali, yalihesabu vifo viwili na watu 58 waliobaki na ulemavu wa kudumu. Sehemu ya madhara hayo makubwa hutokana na chuma, si unga: mkebe uliolengwa kichwani badala ya kurushwa juu.

Jeraha linalotoka damu likandamize kwa kitambaa safi bila kuinua inua uone. Aliyegongwa kichwani akitapika tena na tena, akisinzia, akisahau yaliyotokea au mboni zake zikiwa na ukubwa tofauti, ni wa hospitali kubwa, si wa kituo cha mtaani. Na jicho lililogongwa au kuchomwa lina kanuni yake peke yake: kama limepasuka, linatoa majimaji mazito au mboni imepoteza umbo la duara, usilioshe, usilikandamize, usitoe kilichochoma. Lifunike kwa kikombe cha karatasi kilichokaa juu ya mifupa inayolizunguka, kisha ukimbie.

Ngozi, nguo na njia ya kurudi

CS huunguza zaidi penye jasho: kwapani, shingoni, kinenani, chini ya mikanda. Malengelenge yanaweza kutokea saa kadhaa baadaye, na upele wa mzio hata siku ya pili au ya tatu. Kabla hujapanda matatu, simama penye upepo, nyoosha mikono mbali na mwili, kung'uta nywele na nguo, badilisha shati. Usipofanya hivyo, abiria wote watakohoa pamoja nawe.

Ukifika nyumbani usipitilize ndani. Vulia nguo mlangoni au bafuni, na fulana ya kubana ikate kwa mkasi badala ya kuipitisha usoni. Zitie kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto. Oga kwa maji ya baridi na sabuni, kichwa kwanza ukiwa umeinama, kisha mwili. Usikae kwenye beseni. Maji uliyoyaoshea unga yatakuunguza sehemu usizotaka. Usitumie Jik mwilini hata kidogo, wala kwenye nguo hizo. Nguo zifuliwe peke yake, mara mbili, kwa glavu, na zianikwe nje. Kama una mtoto mchanga, usimbebe wala kumnyonyesha kabla ya kuoga na kuosha kifua.

Unga ulioingia ndani ya nyumba haufagiliwi kwa ufagio mkavu, kwani utauinua tena. Fungua madirisha yote, vaa barakoa na glavu, futa meza, sakafu na kuta za chini kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Mapazia na matandiko yatoke nje. Chakula kilichokuwa wazi tupa. Matunda yenye maganda na sufuria vinaweza kuoshwa. Najua kumwambia mwenye kibanda atupe sufuria nzima ya githeri ni kumwambia atupe faida ya siku.

Watoto, wajawazito, hedhi

Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kuliko mtu mzima, na pua yake iko karibu na ardhi, kule unga unakoshukia. Mbebe juu, mtoe haraka, na baada ya hapo mpeleke aonwe na daktari hata kama ameacha kulia.

Mjamzito aoshwe kama mtu mwingine yeyote, kisha aende kliniki siku hiyo hiyo akiona damu, akiumwa tumbo kwa vipindi au mtoto akipunguza kucheza. Kuhusu hedhi, wasichana wengi waliokwenda kwenye maandamano walinyamaza wakidhani ni wao tu. Baada ya maandamano ya Portland, Marekani, mwaka 2020, zaidi ya watu 2,200 walijibu dodoso la afya, na zaidi ya nusu ya wale wanaopata hedhi walisema ilibadilika: maumivu makali, damu nyingi, siku kuvurugika. Waliojibu walijichagua wenyewe, kwa hiyo tarakimu hiyo si kipimo cha kila mtu. Ila mzunguko ukivurugika, mwambie tabibu kwamba ulivuta vitoa machozi. Asipoambiwa hataweza kukisia.

Hospitalini, na karatasi zako

Mweleze muuguzi wa kwanza utakayemkuta kwamba una unga au pilipili mwilini, ili avae glavu na akutenge kidogo na wagonjwa wengine. Taja ulivuta wapi, ndani au nje, kwa muda gani, na dawa unazotumia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo usikubali kurudishwa mlangoni kwa sababu ya pesa au kwa sababu umetoka kuandamana.

Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993 unakataza vitu hivi kutumiwa vitani huku ukiviruhusu mikononi mwa polisi wa nchi kwa raia wake, jambo ambalo mimi sijawahi kusikia likielezwa likaeleweka. Hata hivyo kuruhusiwa si kuruhusiwa kwa kila namna, na mkebe uliorushwa ndani ya nyumba au kulengwa kichwani mwa mtu ni malalamiko halali mbele ya IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Malalamiko hayo husimama kwa karatasi. Piga picha majeraha siku ile ile na tena siku ya tatu, yakiwa yameiva rangi. Piga picha maandishi ya ubavuni mwa mkebe bila kuugusa. Chukua kituo cha polisi fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha kama ushahidi, hailipiwi, ukajaziwe na daktari. Ukiogopa kituo cha mtaa wenu, nenda na wakili au mtu wa shirika la haki za binadamu. Omba nakala ya kila ulichoandikiwa hospitalini, na umtumie mtu unayemwamini kabla simu yako haijapotea.